Hatua Thelathini na Mbili

Bibi yangu Mwanamkuu alipima kwa miguu mitupu,
akihesabu kwa sauti, mtaa ukimsikia,
kutoka mdomo wa kisima hadi mlango wa choo:
hatua thelathini na mbili.
Fundi Mbwarali akasema, Bibi, ishirini zatosha.
Akamjibu, We chimba. Si wewe utakayekunywa.

Nyumba ya Majengo, paa la makuti, vyumba sita.
Maji yalikuwa na chumvi ya mbali,
na mabomba ya mji yakikauka
ndoo zilipangwa kwetu tangu alasiri.
Ndani aliishi kambare mmoja, jina lake Askari,
kazi yake kula viluwiluwi vya mbu.

Bibi alipofariki, ndugu yangu Shekuwe
alileta mchoro umeviringishwa kama mkeka.
Ghorofa tano. Vyoo ishirini na vinne.
Shimo moja.
Mimi ndiye niliyetia sahihi.
Mhandisi alivuta futi ya chuma, ikarudi yenyewe, chwa!
Mita tisa, akasema, kama mtu atajaye bei.

Jiwe la Mombasa si jiwe.
Ni matumbawe ya kale, lina matundu
kama mkate wa kumimina.
Unachomwaga huku kinatembea.
Hakina haraka. Kinapita chini ya madrasa,
chini ya kitanda unacholalia,
na njia kinaijua.

Kwanza Askari akaelea, tumbo juu, mweupe kama sabuni.
Tukasema, uzee.
Kisha maji yakawa yanatoa povu asubuhi.
Tukasema, wapangaji na foma zao.
Kisha Nyevu wa ghorofa ya tatu,
binti wa Kadzo mshona mapazia,
akaharisha siku mbili, maji kama ya kuoshea mchele,
macho yakazama.
Hapo hatukusema kitu.

Alipona. Naliandika mapema
usije ukadhani nimekuletea maiti ili ulie.
Alipona, ila akipewa kikombe hukinusa,
humtazama mamake usoni, ndipo anywe.
Ana miaka minne.

Bwana afya akaja na kisanduku cha barafu,
akajaza chupa mbili, akaziandika jina la nyumba,
jina la bibi, lile tulilolinakshi kwa vigae mlangoni.
Wiki ya pili akarudi na rangi nyekundu,
akapiga mkasi mkubwa juu ya mfuniko wa kisima.
Nikamwuliza, nani kachafua?
Akahesabu madirisha kwa kidole, ghorofa kwa ghorofa,
kisha akanitazama mimi, akafunga kopo lake.

Sasa twanunua. Mwero huleta mitungi kwa mkokoteni,
shilingi hamsini, sitini ukipandishiwa ngazi.
Mwero, maji haya yatoka wapi?
Kisimani, huko juu.
Juu wapi?
Akacheka, akageuza mkokoteni: Kwa watu, bosi.

Na shimo likijaa twaita lori usiku.
Linanguruma, mtaa mzima unafunga madirisha.
Nilimwuliza dereva, mzigo huu waupeleka wapi?
Akasema, Wataka risiti au wataka jibu?
Nikachukua risiti.

Wahenga wamesema mchimba kisima huingia mwenyewe.
Bibi alichimba, hakuingia.
Wahenga hawakutaja wajukuu.

Jana usiku, wapangaji wamelala,
nilivua viatu nikapima,
kutoka mkasi mwekundu hadi mfuniko wa shimo:
hatua kumi na moja.
Nikarudia kwa hatua fupi, za mwanamke mzee.
Kumi na nne.
Nikawasha taa ya ngazi kuvaa viatu.
Nyayo zangu zilikuwa na maji,
na mvua haijanyesha tangu mwezi uliopita.